Juha Kalulu na Wapiga Ramli wa Fasihi
Mpe mhakiki wetu Juha Kalulu, yule mhusika wa katuni za Edward Gitau katika Taifa Leo, naye atakutolea falsafa: Juha akianguka, ukoloni mamboleo umeanguka, akisinzia, Afrika nzima imelala! Ukimdai ushahidi, atakuita juha wa pili. Ilhali fumbo la kweli limo katika jina: juha ni mpumbavu, kalulu, kwa Kichewa cha Malawi, ni sungura, mjanja wa ngano za kale. Je, mpumbavu na mjanja ni mtu mmoja? Hilo lajadilika. Walimu, wanafunzi na wacheke kwanza, kisha wathibitishe. Sisi wa Eldoret, tulimao ngano ya shambani, twajua kupepeta: makapi hupeperuka, punje hubaki.