Bakteria wa yogati na watoto wa SS

Watengenezaji wa yogati wanaijua hasara hii: maziwa yamepashwa moto, chachu imetiwa, lakini asubuhi hayajaganda. Bakteria wa kuyagandisha wameuawa na virusi. Ndiyo, hata bakteria huugua.

Mwaka 2007, Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao, wengi wao wa kampuni ya Danisco, walionyesha jinsi bakteria wa yogati wanavyojilinda. Bakteria anayepona huweka kipande cha ADN ya kirusi ndani ya ADN yake mwenyewe, kama polisi anayebandika ukutani picha ya mwizi. Kirusi kilekile kikirudi, protini ziitwazo Cas hubeba nakala ya picha hiyo, humtambua mgeni na kumkatakata. Watoto wa bakteria hurithi picha zote. Kirusi nacho si kijinga: wakati mwingine kikibadili herufi moja tu ya ADN yake, kinapita.

Sehemu hiyo ya ADN ilionekana Japani tangu 1987, bila yeyote kujua kazi yake. Anayedai kwamba utafiti wa vijidudu ni kutupa pesa aihesabu miaka hiyo 20. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna waligeuza kinga hiyo kuwa mkasi wa kukata ADN popote mtu anapotaka. Wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani zilikubali Casgevy, dawa ya kwanza ya mkasi huo, kwa ajili ya selimundu, ugonjwa ambao Wakongo wanauita SS.

Kongo ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye SS. Bei ya Casgevy Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kurudishiwa seli zake zilizorekebishwa hupewa dawa kali kama za saratani, hospitalini. Kumwambia mama wa Bukavu anayehangaika kutafuta damu ya kumwongezea mtoto kwamba tiba imepatikana ni kumcheza.

Serikali isingoje bei ishuke. Hidroksiurea ni kidonge, kipo, na kinapunguza maumivu. Penisilini inawakinga wadogo. Lakini vyote vinataka mtoto ajulikane mapema, na kumpima anapozaliwa ni tone la damu ya kisigino.