Kilichokaa Bohari Bila Kupimwa

Kila aliyewahi kuhudhuria ukaguzi wa bohari anaijua aibu ya kuagiza kifaa ng'ambo kwa fedha nyingi, kumbe cha namna ile ile kimo rafuni, kimefunikwa na vumbi. Aibu hiyo iliwapata wataalamu wa ulimwengu mwaka 2001, nasi tunaona inatuhusu.

Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi nyuzi 269 hivi chini ya sifuri, ukinzani wake kwa umeme hutoweka kabisa. Waya wa kawaida hula sehemu ya umeme na kuigeuza joto. Kitu chenye sifa hii hakili chochote. Tangu hapo ikatafutwa metali itakayofanya hivyo bila baridi kali mno, kwani kupoza kwa heli ni gharama kubwa. Mwaka 1973 mchanganyiko wa niobi na gerimani ulifika nyuzi 250 chini ya sifuri, kisha metali zikakwama kwa zaidi ya robo karne. Kauri zenye shaba, zilizogunduliwa karibu na Zurich mwaka 1986, zilivuka mpaka huo, lakini huvunjika kama chungu, na kuzifanya waya ni kazi ngumu.

Januari 2001, Jun Akimitsu na wenzake wa Japani walitangaza kwamba diboridi ya magnesi hupoteza ukinzani kwenye nyuzi 234 chini ya sifuri. Nayo haikuwa ngeni! Ilijulikana tangu miaka ya 1950, ikiuzwa kama kemikali nyingine yoyote. Imejengwa kwa matabaka: boroni imejipanga kama sega la nyuki, na magnesi imekaa kati ya tabaka na tabaka, ikiipa boroni elektroni zake. Atomi za boroni ni nyepesi na zimeshikana sana, hivyo hutikisika kwa kasi. Mtikisiko huo huzifunga elektroni mbili mbili, zikapita bila kizuizi. Miaka hamsini hivi hakuna aliyeipima.

Katika kambi moja tuliyotumikia, redio za mawasiliano zilipelekwa nje kutengenezwa, zikakaa miezi. Langoni alisimama koplo aliyesomea ufundi huo huo, akifungua na kufunga kwa ajili ya magari. Usiku mmoja, baada ya zamu, aliomba redio iliyobaki, akachomea waya mmoja, ikanena. Hakuna aliyekuwa amemuuliza alisomea nini.

Wapo watakaosema kila askari sharti alinde. Ni kweli, wala hatuombi fundi aondolewe zamu. Tunataka kabla ya kifaa chochote kutoka kambini, daftari la mafundi waliomo lisomwe kwanza mbele ya mkuu wa kikosi. Koplo yule amekwisha kuhamishwa. Tumesikia analinda lango jingine.