Miguu Imesimama, Moyo Ungali Unakimbia

Mtu wa Goma huamka pamoja na kazi zake. Jua halijapanda, na watoto wamekwisha shuka ziwani na bidoni za maji. Chukudu zimeteremka na makaa na viazi. Pikipiki zinapiga honi. Akina mama wamefika sokoni Birere. Jioni wote hurudi wamechoka, lakini hawapumziki, maana mwili umeketi nyumbani na roho ingali sokoni.

Tena mji wetu umezoea kukimbia. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977. Januari 2002 moto huo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukaangamiza hata katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Usiku wa 22 Mei 2021 watu walitoroka tena, na Januari 2025 vita viliingia mjini. Mkimbizi akifika penye usalama miguu yake husimama, ila moyo hausimami upesi hivyo. Baba anayemfokea mtoto kwa ajili ya kikombe kilichovunjika, huenda yeye bado anakimbia. Basi tusiseme kwamba utulivu ni anasa ya matajiri.

Siku hizi vijana wanauliza habari za yoga. Ni desturi ya kale ya Uhindi ya kuzoeza mwili, pumzi na fikira, na shina la jina lake lina maana ya kuunganisha, kama nira iunganishavyo ng'ombe wawili. Je, Mkristu aweza kujifunza kitu humo? Jean-Marie Déchanet, mmonaki Mbenediktini wa abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Brugge, Ubelgiji, ile iliyotuma wamisionari Katanga, aliyatumia mazoezi hayo katika sala, akatoa kitabu chake, La Voie du silence, mwaka 1956. Nayo barua ya Roma ya 15 Oktoba 1989 juu ya sala ya kikristu yafundisha kwamba mikao na pumzi vyaweza kumsaidia anayesali, lakini raha ya mwili isidhaniwe kuwa neema ya Roho Mtakatifu. Jembe ni jema, ila jembe si mavuno.

Fanyeni hivi. Kabla ya kulala, zimeni redio na simu. Mtu akae kwenye kigoda, mgongo wima, nyayo chini. Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole zaidi, kwa maana pumzi itokayo taratibu hutuliza mapigo ya moyo. Fikira zikija, asigombane nazo. Azipishe kama wapita njia. Dakika kumi zatosha. Ndipo ajiulize: Leo nimemsaidia nani? Nimemwumiza nani? Kesho nitengeneze neno gani? Pasipo maswali hayo, utulivu ni usingizi wa macho wazi.

Wala mtu asimhubirie mwenye njaa habari za pumzi badala ya kumgawia chakula. Aliyetulia kweli humwona jirani yake upesi kuliko mwenye haraka. Ziwa Kivu likichafuka halionyeshi kitu. Likitulia, milima huonekana ndani yake.

Enyi wazazi, anzeni ninyi jioni ya leo. Watoto hawajifunzi utulivu kwa kuambiwa „nyamaza", hujifunza kwa kuwaona wakubwa wao wametulia.