Urafiki na Mungu: kabla ya zamu na baada ya zamu

 

Juma hili tuzungumze juu ya urafiki na Mungu. Tunaimba kanisani kwamba Yesu ni rafiki yetu, na tunalisema neno hilo katika maombi. Lakini rafiki ni nani? Jirani anayebisha mlango siku ile tu chumvi imemwishia, tunampa chumvi kwa moyo mwema. Lakini siku tuna neno linalotuuma usiku, si yeye tutakayemwendea. Basi tujiulize: mbele ya Mungu, sisi ni rafiki, au ni jirani wa chumvi?

Ili tupate jibu, tutazame kitu ambacho sisi wamama tunakijua vizuri kuliko wahubiri wengi: likelemba.

Tuseme tuko wamama 10, na kila mmoja anatoa franka 5000 kwa juma. Kila juma mmoja wetu anabeba franka 50 000. Baada ya majuma 10 kila mmoja amepata zamu yake. Hakuna benki, hakuna tribinali, mara nyingi hakuna hata karatasi zaidi ya kijitabu cha mama mwenye kushika majina. Kinachosimamisha kazi yote ni uaminifu, na uaminifu huo unapimwa mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni kwa mama wa zamu ya kwanza. Amekwisha kubeba zile 50 000. Amenunua gunia la makala au beseni la sambaza, biashara imeanza. Sasa amebakiza majuma 9 ya kutoa bila kupokea kitu. Hapo ndipo tunamjua. Wengine juma la tatu wanaanza kusema mtoto anaumwa, juma la nne simu haipatikani, juma la tano wanapita njia nyingine ili wasikutane na wenzao sokoni.

Mahali pa pili ni kwa mama wa zamu ya mwisho. Anatoa mara 9, jumla franka 45 000, huku anaangalia wenzake wakibeba mmoja baada ya mwingine. Mikono yake mwenyewe bado ni mitupu. Usiku anawaza: zamu yangu itafika kweli? Na juma linalofuata anakuja tena na 5000 zake.

Tunaona kwamba urafiki wetu na Mungu pia unapimwa mahali hapo pawili: baada ya kupokea, na kabla ya kupokea.

Baada ya kupokea

Katika Injili ya Luka 17:11-19, watu 10 wenye ukoma walisimama mbali wakamlilia Yesu. Yeye akawatuma waende kujionyesha kwa makuhani, nao wakapona wakiwa njiani. Wote 10 walikuwa na imani, kwa maana walianza kutembea kabla ngozi haijabadilika. Lakini mmoja peke yake alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni aliyedharauliwa. Yesu aliuliza habari za wale 9.

Tusiwahukumu upesi wale 9. Labda mmoja alikimbia kwa watoto wake ambao hakuwashika kwa miaka. Labda mwingine alikwenda kutafuta kazi. Hawakufanya jambo baya. Walipata walichokitaka, na safari yao na Yesu ikaishia hapo.

Mama aliyekuwa anaamka usiku kuomba kwa ajili ya kazi ya bwana yake, siku kazi imepatikana, tunamwona katika maombi mara ngapi? Binti aliyefunga siku 3 kabla ya Egzeta, siku matokeo yanatoka anafurahi na jamaa yote, na ni haki yake. Lakini juma la pili? Musa aliwaonya Waisraeli juu ya hatari hiyo katika Kumbukumbu la Torati 8. Hakuogopa sana siku zao za njaa. Aliogopa siku watakapokula na kushiba, watakapojenga nyumba nzuri na mifugo yao itakapozidi, wasije wakamsahau Bwana aliyewatoa Misri.

Methali yetu inasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mungu ametufaa katika dhiki. Je, sisi tunamkumbuka katika raha?

Kabla ya kupokea

Abrahamu anaitwa rafiki wa Mungu katika kitabu cha Isaya 41:8 na katika barua ya Yakobo 2:23. Tuhesabu miaka yake. Alipotoka Harani kwa neno la Mungu alikuwa na miaka 75. Isaka alipozaliwa alikuwa na miaka 100. Ni miaka 25 ya kungoja. Na tusimsahau Sara. Sisi wamama tunajua kwamba miaka hiyo ilikuwa mirefu zaidi kwake, maana maneno ya watu hayaendi kwa bwana, yanaenda kwa mwanamke asiyezaa.

Katika miaka hiyo 25 hawakuwa wakamilifu. Walichoka wakatafuta njia yao wenyewe kwa Hagari, na mateso yakaingia nyumbani. Sara alicheka ndani ya hema aliposikia ahadi tena. Lakini Mungu hakuvunja urafiki, na wao pia hawakuacha kusema naye. Hata katikati ya kungoja, Abrahamu alisimama kuwaombea watu wa Sodoma, akishusha hesabu kutoka wenye haki 50 mpaka 10, kama sisi tunavyopunguza bei sokoni. Mtu ambaye ombi lake mwenyewe halijajibiwa alikuwa anaombea jirani. Huyo ndiye mama wa zamu ya mwisho, anayekuja na 5000 zake ili mwenzake abebe.

Na kungoja si kunyamaza. Katika Yohana 11, Yesu alipata habari kwamba Lazaro anaumwa, naye akakaa siku 2 zaidi mahali alipokuwa. Alipofika, rafiki yake alikuwa na siku 4 kaburini. Marta alitoka kumlaki akamwambia wazi kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Yesu hakumkemea. Alimjibu, na kabla ya kufika kaburini akalia machozi.

Wamama, kati yetu wako waliozika watoto. Wako waliokimbia vita na mtoto mgongoni, wakaacha shamba na nyumba, na mpaka leo hawajui kama watarudi. Wako ambao bwana alikwenda kutafuta dhahabu na hajatuma hata salamu. Tusiwaambie hao wanyamaze kwa sababu Mungu ni mwema. Marta hakunyamaza. Kumwambia Mungu uchungu wetu kama ulivyo ni sehemu ya urafiki. Mtu asiye rafiki, tunamjibu tu kwamba tuko wazima.

Mungu si likelemba

Hapa lazima tuonyeshe mahali ambapo mfano wetu unaishia. Katika likelemba, anayetoa anapata, na asiyetoa hapati. Kwa Mungu sivyo. Yeye alitangulia kutoa, na hakuna mtu anayenunua zamu kwake.

Tunasema hivyo kwa sababu kuna vyumba vya maombi ambamo mama anaambiwa kwamba tumbo lake limefungwa kwa sababu hajatoa mbegu ya kutosha. Tunajua wamama waliouza vikwembe vyao, vyungu, hata mtaji wa biashara, ili wapeleke fedha hizo. Wengine kati yetu ni walimu, na tunaona watoto wakibaki nyumbani bila daftari kwa sababu hiyo. Na jambo baya zaidi, mtoto mwenye homa ya malaria anawekewa mikono siku 3, na anapofikishwa kwenye kituo cha afya damu imekwisha kupungua.

Rafiki haulizi bei kabla ya kusikiliza. Katika Yohana 15:15 Yesu aliwaeleza wanafunzi wake kwamba hawaiti tena watumwa, anawaita rafiki, kwa sababu amewajulisha mambo aliyoyasikia kwa Baba yake. Neno la Mungu liko wazi kwa kila mama anayelisoma au anayelisikia. Sadaka tunatoa kwa furaha, na maombi ya pamoja tunayapenda. Lakini mtu akisema kwamba mlango wa Mungu haufunguki bila franka zako, mama, chukua mtoto wako mgongoni urudi nyumbani. Omba ukiwa njiani, na kama mtoto ana homa, njia hiyo ipite kwenye kituo cha afya.

Mwenzetu mmoja wa hapa Kongo

Wasomaji wa ukurasa huu wanatoka makanisa mbalimbali, na si wote wenye desturi ya kuheshimu watakatifu. Lakini maisha ya Anuarite Nengapeta yanaweza kutufundisha sisi wote. Alizaliwa Wamba mwaka 1939. Akaingia shirika la masista wa Jamaa Takatifu kule Bafwabaka, akaweka nadhiri zake za kwanza mwaka 1959. Kazi zake zilikuwa za kawaida: kufundisha watoto, kupika, kutunza vitu vya kanisa. Wakati wa uasi wa Simba, masista walichukuliwa mpaka Isiro. Huko mkuu mmoja wa askari alitaka kumfanya mke wake kwa nguvu. Anuarite alikataa, akapigwa, akauawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, akiwa na miaka 24. Kabla ya kufa alimsamehe yule aliyemwua. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri hapa Kongo, mjini Kinshasa.

Tunapomkumbuka, tunawaza sana usiku ule mmoja. Lakini kabla ya usiku ule kulikuwa na miaka ya kuamka asubuhi, kusali, kuwasha moto, kufundisha, na kusali tena, bila mtu kuandika habari zake. Uaminifu wa miaka ile ulikuwa tayari ndani yake saa ya hatari ilipofika.

Na tuseme jambo moja kwa mabinti wanaosoma nasi. Anuarite alikuwa na haki ya kukataa, na alikataa. Lakini binti au mama aliyetendwa kwa nguvu na watu wenye silaha hakukosa uaminifu kwa Mungu. Dhambi ni ya aliyemtenda. Mungu ni rafiki yake leo kama jana, na sisi wamama tunapaswa kumwonyesha hivyo kwa kumpokea, kumpeleka kwa waganga mapema, na kufunga vinywa vyetu.

Tufanye nini juma hili?

Kwanza, kila jioni kabla ya kulala, tumwambie Mungu jambo moja la siku ile bila kuomba kitu. Tumweleze tu, kama tunavyomweleza rafiki tukichambua sombe pamoja. Kama siku ilikuwa mbaya, tumwambie ilikuwa mbaya.

Pili, tukumbuke ombi moja ambalo Mungu alilijibu zamani, na tusiwe kati ya wale 9. Turudi kushukuru, na kama inawezekana, shukrani hiyo imfikie mtu: kopo la unga kwa mjane, daftari kwa mtoto wa jirani.

Tatu, tumtembelee mwenzetu mmoja wa zamu ya mwisho, yule ambaye ombi lake linachelewa. Tusimpelekee maelezo ya sababu. Wale rafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku 7 za kwanza, walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Matata yalianza walipofungua vinywa. Tukae naye, tuchote maji, tupike, na tukiondoka tumwambie siku tutakayorudi. Kisha turudi siku hiyo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Je, ni wakati gani tunamsahau Mungu zaidi, wakati wa shida au wakati wa raha? Kila mama atoe mfano wake.
2. Kwa nini Yesu hakumkemea Marta?
3. Katika kikundi chetu, ni nani anayengoja zamu yake kwa muda mrefu, nasi tumemzoea hata hatumwulizi tena?

Tuombe

Ee Mungu uliyemwita Abrahamu rafiki, utupokee sisi wamama kama tulivyo. Waliopokea, uwape moyo wa kurudi. Wanaongoja, uwape nguvu ya juma moja tena. Waliolia mpaka machozi yakakauka, ukae nao, na utufundishe sisi kukaa nao. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu na rafiki yetu. Amina.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.