Dosiye ya Tshibumba ni yetu pia

Wandugu, nilisoma historia chuo kikuu miaka mitano, lakini jina la Tshibumba Kanda-Matulu nimelijua kwenye telefone, nikiwa nyumbani bila kazi.

Mwaka 1973 na 1974, chini ya Mobutu, mchoraji huyu wa kwetu Katanga alichora historia ya inchi yetu katika picha mia moja na kitu: ukoloni, Lumumba, vita. Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, alizinunua na kurekodi maelezo yake kwa Kiswahili, kile kile chetu cha kila siku. Tuseme kweli, bila ile dosiye tungekuwa na nini? Tangu miaka ya 1980 Tshibumba mwenyewe hajulikani aliishia wapi.

Leo picha ziko Amsterdam, kwenye makumbusho. Kitabu cha 1996 ni cha Kiingereza. Maneno yake ya Kiswahili yako kwenye intaneti, ila darasani kwetu hakuna aliyeyafungua.

Hatuombi sadaka. Amsterdam itupe nakala nzuri za picha zote, na wizara yetu iziweke Lubumbashi pamoja na maneno yake, mahali ambapo mtoto wa Katuba ao Kamalondo ataingia bila kulipa. Na wasituambie hakuna pesa: magari ya wakubwa pesa yake haikosekanake!