Nchi za Wenzetu: Ardhi Inayoshuka

Leo twende Uingereza, upande wa mashariki, katika jimbo la Cambridgeshire. Mji wake mkuu ni Cambridge, wenye chuo kikuu kilichoanza mwaka 1209. Lakini mjini hatukai. Twende shambani.

Kaskazini ya jimbo ni tambarare tupu. Zamani palikuwa kinamasi. Mji wa Ely ulikuwa kisiwa. Wenyeji walivua mikunga, waliwinda bata na kukata matete ya kuezekea. Malaria iliwasumbua sana. Ndiyo, malaria, huko huko Ulaya!

Mwaka 1630 matajiri walikubaliana kutoa fedha ili kinamasi kikaushwe. Fundi wao alikuwa Cornelius Vermuyden, mtu wa Uholanzi. Mfereji wao mkubwa wa kwanza, wa kilomita 34 hivi, ulimalizika mwaka 1637. Matajiri wakagawana ardhi. Je, wenyeji? Walipoteza samaki, ndege na malisho. Wakawa wanabomoa kingo za mifereji. Usiseme haraka kuwa walikuwa wakorofi. Nani aliwauliza?

Sasa sikiliza habari ya udongo wenyewe. Ni mweusi, tena una rutuba sana. Umetokana na mimea iliyolala majini maelfu ya miaka. Lakini ukikauka, hunywea. Ukipata hewa, huoza na kwisha. Upepo nao huupeperusha. Basi mashamba yakashuka, na mito ikabaki juu yake. Maji hayapandi mlima. Ikabidi yavutwe kwa vinu vya upepo, halafu kwa mashine za mvuke. Leo huvutwa kwa pampu za dizeli na za umeme. Na kila ardhi inapokaushwa zaidi, hushuka zaidi.

Imeshuka kiasi gani? Mwaka 1851, mahali paitwapo Holme, watu walizamisha nguzo ya chuma ardhini. Kichwa chake kilikuwa sawa na uso wa ardhi. Nguzo haikusogea. Leo imetokeza mita 4 hivi! Hata mtu mrefu akinyoosha mkono hakifikii kichwa chake. Mahali hapo pako chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2 na nusu.

Tangu mwaka 2001 kuna mpango wa kununua baadhi ya mashamba ya jirani na kuyarudishia maji, ili udongo uliobaki usiishe. Kwingine wakulima bado wanalima ngano na viazi, na pampu zinavuta maji.