Mfuko Huu si Kitambaa

Tangu tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Visiwani walitangulia mwaka 2006. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo, mwananchi anayetoka sokoni Kariakoo kuelekea bandarini, ameshika mfuko mbadala akidhani ni kitambaa, hana budi aelezwe ukweli: mfuko huo nao ni plastiki. Nyuzi zake ni za polipropilini, iliyoyeyushwa, ikavutwa, kisha ikagandamizwa kwa joto bila kufumwa. Ndiyo plastiki ile ile ya viroba vya unga, nayo haiozi.

Faida yake ni kutumika mara nyingi. Kwa sababu hiyo kanuni zilitaka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Ulio mwepesi zaidi hupasuka kabla mwenyewe hajavuka Mtaa wa Msimbazi, ukaishia mtaroni kama rambo la zamani. Je, hapo tumepata nini? Maofisa wa NEMC na TBS waanze kwa mtengenezaji na mwenye ghala, tena waende na mizani; kijana anayeitembeza mkononi hakuitengeneza yeye.